Karatasi ya kungojea nyumba

Mtu wa Kinshasa au wa Lubumbashi akitaka kupanga nyumba, kwanza humtafuta mwenye nyumba, ama komisioneri amwonyeshe moja. Hulipa garanti ya miezi kadhaa, ndipo huingia. Asiye na garanti hukaa kwa ndugu yake, akivumilia maneno ya shemeji. Katika nchi ya Ufaransa kuna njia nyingine pia. Mtu mwenye mshahara mdogo huandikisha jina lake, hupewa namba, kisha hungojea nyumba ambayo serikali imesaidia kuijenga ili kodi yake iwe nafuu. Nyumba hizo Wafaransa huziita HLM. Ndugu zetu waliokwenda kukaa kule wanaijua namba hiyo vizuri, na wanajua kungojea kwake. Tumeona yafaa tueleze jinsi mambo hayo yalivyoanza, maana wengine hudhani ni zawadi tu ya serikali tajiri. Sivyo hata kidogo.

Viwanda vilipozidi Ufaransa katika miaka ya 1800, watu wa mashamba walikimbilia miji. Mjini Lille jamaa nzima za wafumaji zilikaa chini ya ardhi, katika vyumba vya kuwekea mizigo, bila jua wala hewa. Kipindupindu na kifua kikuu viliwamaliza. Wenye viwanda wengine walijenga nyumba za wafanyakazi wao, na wazee wetu wa Katanga waliokaa katika kambi za Union Minière wanajua nyumba ya namna hiyo ni nini: ni nzuri, lakini ukiacha kazi umeacha na nyumba. Ni kamba iliyofungwa mguuni.

Ndipo Bwana Jules Siegfried, mfanya biashara ya pamba aliyekuwa meya wa Le Havre, akapitisha sheria ya tarehe 30 Novemba 1894. Sheria hiyo haikusema serikali ijenge. Ilisema wenye kujenga nyumba za bei ndogo wakopeshwe fedha kwa faida ndogo na wapunguziwe kodi za serikali. Mwaka 1912 sheria nyingine iliruhusu miji na mikoa kuweka ofisi zao za kujenga na kupangisha. Mwaka 1928 waziri Loucheur alitaka zijengwe nyumba 260.000 katika miaka michache. Lakini wakati huo huo, tangu vita ya 1914, serikali ilikuwa imezuia kodi za nyumba zisipande, ili jamaa za askari zisifukuzwe. Ilikuwa haki. Vita ikaisha, kodi zikabaki chini, na wenye mali wakaona hakuna faida tena ya kujenga. Basi sheria iliyomlinda mpangaji wa jana ikasaidia kumfungia mlango mpangaji wa kesho.

Vita ya pili ikaja ikabomoa mengi. Ilipokwisha, serikali ilitengeneza kwanza madaraja, njia za reli, migodi na viwanda, nyumba zikangojea. Jina la HLM lenyewe lilitolewa mwaka 1950, lakini jina si paa. Mwaka 1954 nyumba moja tu katika kumi ilikuwa na mahali pa kuogea. Vijana walifunga ndoa wakakaa katika chumba kimoja cha hoteli mbovu, ama katika magari mabovu, ama katika mahema.

Hapa lazima tusimame kidogo. Usiku wa tarehe 3 kuingia 4 Januari 1954, wakubwa wa bunge huko Paris walikataa faranga bilioni moja zilizoombwa kwa ajili ya nyumba za haraka. Usiku ule ule, huko Neuilly-Plaisance, mtoto mchanga alikufa kwa baridi ndani ya basi bovu ambamo wazazi wake walikuwa wakilala. Padri mmoja, Henri Grouès, aliyejulikana kwa jina la Abbé Pierre, alimwandikia waziri wa nyumba, Maurice Lemaire, barua iliyochapwa katika gazeti, akimwalika kwenye maziko ya mtoto. Waziri akaja, akafuata jeneza kwa miguu.

Baridi haikupungua. Tarehe 1 Februari, saa tisa ya usiku, mwanamke mmoja alikufa kwa baridi barabarani, katika boulevard Sébastopol. Mkononi mwake alikuwa ameshika karatasi. Ndiyo ile karatasi ya kumtoa nyumbani mwake. Walikuwa wamemfukuza siku mbili kabla. Siku hiyo hiyo Abbé Pierre alisema katika redio. Aliomba mablanketi 5.000, mahema makubwa 300 na majiko 200, vyote viletwe upesi katika hoteli moja ya Paris. Watu walileta mpaka hoteli ikajaa, kisha kituo cha reli kizima. Masikini walileta, matajiri walileta. Charlie Chaplin, yule mchekeshaji wa sinema, alitoa faranga milioni 2. Na wale wabunge waliokataa bilioni moja mwezi wa kwanza wakatoa bilioni 10 mwezi wa pili, zijengwe nyumba 12.000 upesi. Twajiuliza: je, fedha hizo hazikuwapo mwezi wa Januari?

Hatutaki kuficha jambo jingine. Abbé Pierre alikufa mwaka 2007, akisifiwa na taifa zima. Mwaka 2024 chama chake mwenyewe cha Emmaüs kilitangaza ushuhuda wa wanawake waliosema aliwashika kwa nguvu na kuwatendea mambo ya aibu, na baadaye wengine wakatokea. Shirika la nyumba lililochukua jina lake likaliacha jina hilo. Wanawake wale walingojea kusikilizwa miaka mingi kuliko mtu yeyote aliyengojea nyumba. Tendo la mwaka 1954 liliokoa watu, nalo hatuwezi kulifuta. Lakini asiliweke mtu lile mbele ya hili kama pazia.

Tena, nyumba za haraka si nyumba za kweli. Huko Noisy-le-Grand walisimamishiwa watu vibanda vya mviringo kama nusu ya pipa, bila maji wala umeme ndani. Mvua ikinyesha, kambi yote matope. Waliambiwa ni kwa muda mfupi tu. Mwaka 1956 alifika padri mwingine, Joseph Wresinski, mtoto wa jamaa masikini ya Angers, akakuta jamaa zaidi ya 200 wakingali wakingoja. Alifanya jambo lililowashangaza watu wema: aliondoa ugawaji wa supu, akaweka mahali pa vitabu na pa watoto wadogo. Alisema watu wale hawana haja ya huruma za kila jioni, wanataka heshima. Muda ule mfupi ulidumu miaka zaidi ya kumi.

Kwa nini hawakuingia katika HLM, nazo zilikuwa zikijengwa kwa maelfu, Sarcelles na kwingineko? Sababu ndiyo hii. Ofisi za nyumba zilipenda mpangaji mwenye kazi ya kudumu, atakayelipa kila mwezi. Baba asiye na kazi, mama mwenye watoto wanane, mgeni kutoka Algeria aliyekaa katika mabanda ya Nanterre, hao walibaki nyuma. Nyumba iliyojengwa kwa jina la masikini ilimchukua kwanza yule aliyepungukiwa kidogo, na aliyepungukiwa sana akaachwa nje. Wala orodha haikuwa moja. Prefe, mkuu wa mkoa, ana sehemu yake ya nyumba. Meya ana sehemu yake kwa kuwa mji umedhamini deni. Na viwanda vina sehemu yao, maana mwaka 1953 viliamriwa kutoa asilimia moja ya mishahara kwa ajili ya nyumba. Mtu aliweza kujiandikisha mahali patano, na asijue ni wapi jina lake linasogea. Mwaka 1998 sheria iliamuru kila mwombaji apewe namba moja, yenye tarehe, ili siku zake za kungojea zihesabiwe na zisipotee.

Namba hiyo ndiyo wanayoijua ndugu zetu. Mtu hujaza fomu, huonyesha kitambulisho au ruhusa ya kukaa, idadi ya watu wa nyumbani, na karatasi ya kodi ya serikali inayoonyesha mapato yake, maana mwenye mapato makubwa hakubaliwi. Nyumba ikipatikana, kamati hutazama kwa kawaida majina matatu na kuchagua. Na kila mwaka lazima mtu aombe upya. Akisahau, jina hufutwa, na miaka yote aliyongojea hupotea pamoja nalo. Tungependa kila msomaji mwenye ndugu kule amwandikie neno hili moja.

Mwishoni mwa mwaka 2006 watu wasio na makao walisimamisha mahema kando ya mfereji wa Saint-Martin, katikati ya Paris. Upesi ikaja sheria ya tarehe 5 Machi 2007: nyumba iwe haki ya kudaiwa, hata mbele ya mahakama. Anayengojea kupita kiasi aweza kumshtaki prefe. Kupita kiasi ni muda gani? Katika Paris uliwekwa miaka 6 kwa nyumba ya chumba kimoja, 9 kwa vyumba viwili au vitatu, 10 kwa vinne. Mtoto aliyezaliwa siku ya kuandikishwa amekwisha kujua kusoma. Nao miji mingine ya matajiri, iliyoamriwa tangu mwaka 2000 kuwa na sehemu yake ya nyumba hizo, huona heri kulipa faini kuliko kujenga.

Mwaka 2024 waombaji walikuwa zaidi ya milioni 2 na nusu. Mahakama ikimpa mtu haki, na prefe asipate nyumba ya kumpa, serikali hutozwa faini ya kuchelewa. Faini hiyo haiendi kwa jamaa inayongojea. Huingia katika mfuko wa serikali yenyewe.