Jiko Gani Litufae Nyumbani? Historia ya Moto wa Kupikia katika Masisi na Walikale



Siku hizi katika masoko ya Kivu ya Kaskazini tunaona majiko ya namna nyingi. Kuna mbabula ya bati tupu. Kuna mbabula yenye udongo wa kuchomwa ndani yake. Tena kuna jiko la kuni linalojengwa kwa udongo jikoni, lenye bomba la kupeleka moshi nje. Kila fundi anasifu kazi yake: huyu anasema jiko lake halili kuni, yule anasema jiko lake halina moshi. Baba anatazama bei, mama anatazama sufuria yake, na mara nyingi wote wawili wanarudi nyumbani kwenye mafiga yao ya zamani.

Basi, jiko gani linafaa? Swali hili si dogo, maana linagusa mfuko wa baba, mgongo wa mama na kifua cha mtoto. Ili tujibu vizuri, na tufuate safari ya moto huu tangu zamani hata leo. Majiko yaliyopendwa na majiko yaliyotupwa, yote yanatufundisha.

Mafiga matatu

Wazee walisema: jifya moja haliinjiki chungu. Walitumia mawe matatu, na mawe hayo hawakuyanunua. Mtu akihama, aliyapata mengine mahali alipofika. Chungu kikubwa cha karamu na chungu kidogo cha mtoto, vyote viliketi juu ya mafiga yaleyale kwa kuyasogeza tu.

Wazee hawakuwa wajinga. Katika msitu wa Walikale, kwa Banyanga na jirani zao, moshi ulikuwa na kazi yake. Nyama ya mawindo na samaki wa mtoni vilikaushwa juu ya uchaga, visioze katika nchi yenye mvua nyingi. Moshi ulifukuza wadudu katika paa la majani na katika mahindi ya mbegu. Na kule juu Masisi, ambako usiku una baridi kali, moto wa mafiga uliwapasha joto watu wa nyumbani walipokaa kuzungumza.

Lakini mafiga yana hasara mbili. Hasara ya kwanza ni kuni. Upepo unapita pande zote, nao moto unachoma hewa kuliko chungu. Sehemu ndogo tu ya joto inaingia katika chakula. Hasara ya pili ni moshi. Na moshi ni nini? Moshi ni kuni isiyomaliza kuungua. Moto ukiwa na ubaridi, au kuni zikiwa mbichi, sehemu ya kuni inapanda hewani kama chembe ndogo sana, nasi tunazivuta kifuani.

Shikeni sana hasara hizi mbili, wasomaji, maana hazifanani. Jiko moja laweza kuponya ya kwanza na kuiacha ya pili. Ndilo jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi.

Jinsi kuni zilivyopungua Masisi

Masisi na Walikale ni jirani, lakini nchi zao si moja. Walikale iko chini, msitu mkubwa ungali umeizunguka, na mama hatembei mbali kupata kuni. Masisi ni nchi ya milima na malisho. Zamani milima hiyo nayo ilikuwa na msitu na mianzi. Tangu mwaka 1937 hata 1955 serikali ya Wabelgiji ilileta makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda kukaa huko, katika kazi iliyoitwa Misioni ya Uhamiaji wa Banyarwanda. Watu walilima, mashamba ya Wazungu yalifunguliwa, msitu ukarudi nyuma. Baada ya mwaka 1973, mashamba ya wageni yalipotwaliwa na kugawiwa wenyeji, watu wachache wenye nguvu walipata ardhi kubwa, wakaifanya malisho ya ng’ombe. Mkulima mdogo alibaki na kishamba kwenye mteremko, na kuni zikawa za kutafutwa mbali au za kununuliwa.

Wakati huohuo mji wa Goma ulikua, na watu wa mjini walitaka makala. Makala ni mepesi kuchukua, hayana moshi mwingi, hayaozi. Ndiyo sababu mbabula ilishinda mjini, kisha ikapanda mpaka Sake na Masisi. Fundi alikata pipa kuukuu, akatoboa matundu, na jiko likawa tayari.

Lakini mbabula inaficha gharama yake. Mtu anayechoma makala katika tanuru la udongo hutumia kilo 5 hata 10 za kuni kupata kilo 1 tu ya makala. Moshi hauonekani jikoni kwa sababu umekwisha kutoka kule msituni. Tena makala yanatoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoitwa monoksidi ya kaboni. Mtu akifunga mlango na dirisha kwa sababu ya baridi, akaingiza mbabula chumbani ili apate joto, anaweza kulala asiamke tena. Watu wa milimani wasikie neno hili vizuri: mbabula isilale ndani pamoja na watu, hata ikiwa makala yanaonekana yamekwisha kuwa majivu.

Mwaka 1994 na baada yake

Mwezi wa Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kutoka Rwanda kwa siku chache tu, wakakaa katika kambi kama Mugunga, Kibumba na Katale. Watu wote hao walihitaji kupika. Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Mbuga ya Albert, ilikuwa karibu. Miti ikakatwa kila siku, na mwaka huohuo UNESCO iliandika Virunga katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Vita havikuisha, na biashara ya makala ikawa chakula cha wenye bunduki. Katika miaka iliyofuata, vikundi vya silaha vilitoza fedha kwa kila gunia lililotoka mbugani. Mwaka 2007 shirika la WWF lilianzisha kazi ya EcoMakala: wakulima wadogo walisaidiwa kupanda miti inayokua upesi katika mashamba yao wenyewe, ili makala ya mji yatoke shambani, yasitoke mbugani. Wazo hili ni la kweli: jiko jema bila mti wa kupandwa ni nusu ya dawa.

Na wanawake je? Mwaka 2023, wakati watu wengi wa Masisi walipokuwa wamekimbilia kambi za kando ya Goma, Madaktari Wasio na Mipaka walitangaza kwamba wanawake wengi waliowatibu kwa kutendewa jeuri walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni au chakula. Kwa hiyo kupunguza mzigo mmoja wa kuni kwa juma si jambo la mfuko tu. Ni safari moja ambayo mama au binti hataifanya katika njia ya hatari.

Majiko mapya yalitoka wapi?

Baada ya mwaka 1973 bei ya mafuta ya petroli ilipanda duniani pote, na wataalamu wakaanza kufikiri pia juu ya kuni za maskini. Mwaka 1976 tetemeko kubwa la nchi lilipiga Guatemala, katika Amerika ya Kati. Katika kazi ya kujenga upya, jiko lililoitwa Lorena lilienea huko. Lilijengwa kwa udongo na mchanga, nalo lilikuwa zito, lenye mashimo ya sufuria na bomba. Moshi ulitoka nje, na kila mtu alifurahi. Baadaye walipopima, waliona ajabu: mara nyingi jiko hilo halikuokoa kuni, maana udongo wake mnene ulikunywa joto kabla ya chungu. Moshi lilishinda, kuni likashindwa.

Katika Kenya mambo yalikuwa kinyume. Miaka ya 1980 mafundi wa Nairobi walichukua mfano wa jiko la ndoo la Thailand, wakaufaa na mbabula yao: nje bati lenye kiuno chembamba, ndani udongo wa kuchomwa unaoshika joto. Jiko hilo lilienea sana katika Afrika ya Mashariki, kwa sababu mafundi wenyewe walilitengeneza na kuliuza, na lilifanana na jiko walilolizoea akina mama. Linaokoa makala. Lakini gesi ya sumu haikuondoka. Kuni lilishinda, hewa likaiacha.

Katika miaka hiyohiyo ya 1980 Mmarekani Larry Winiarski alitunga njia nyingine. Moto uwe mdogo, katika tundu jembamba lenye kona, lililozungukwa na kitu chepesi kisichokunywa joto. Kuni zinaingizwa ncha tu, hewa inapita chini yake, na moshi unaungua ndani kabla ya kutoka. Hapo hasara zote mbili zinapungua pamoja. Na jirani zetu wa Rwanda wana jiko la udongo liitwalo rondereza, neno lenye maana ya kutumia kwa kiasi. Watu wengi wa Masisi wanalifahamu jina hilo.

Neno la madaktari

Shirika la Afya la Dunia lilihesabu kwamba mwaka 2020 moshi wa nyumbani ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Basi je, jiko jipya linaponya?

Madaktari walijaribu katika milima ya Guatemala, nchi ya baridi kama Masisi. Nyumba nyingine zilipewa jiko lenye bomba, nyingine zilibaki na moto wa wazi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011: ugonjwa wa mapafu haukuisha kwa watoto, lakini ule mkali sana ulipungua kwa theluthi hivi. Malawi nako walijaribu katika vijiji 150, kwa jiko la kuni lenye feni ndogo. Matokeo yalitolewa mwaka 2016: ugonjwa wa mapafu wa watoto haukupungua. Kwa nini? Majiko mengine yaliharibika, tena moshi wa takataka, wa tumbaku na wa majirani ulibaki. Jiko peke yake halisafishi hewa ya kijiji kizima.

Tuchague namna gani?

Sasa turudi kwetu. Jiko lolote liulizwe maswali mawili: Unaokoa kuni? Moshi wako unakwenda wapi? Likijibu moja tu, tujue tumenunua nusu.

Katika Walikale kuni si shida ya kwanza. Shida ni moshi ndani ya nyumba. Huko kibanda cha kupikia chenye kuta fupi na nafasi pana chini ya paa, mbali kidogo na mahali wanapolala watoto, kinaweza kusaidia kuliko jiko la bei. Uchaga wa nyama na samaki uwe na moto wake nje, wala si lazima mtoto mchanga akaushwe pamoja na samaki.

Katika Masisi, kuni ni ghali na baridi inafunga milango. Huko jiko la kuni lenye tundu jembamba pamoja na bomba linafaa zaidi, kwa sababu linajibu maswali yote mawili. Lakini bomba lisafishwe masizi mara kwa mara. Likiziba, moshi unarudi ndani. Anayetumia mbabula atafute ile yenye udongo ndani, aiwashe nje, apike penye hewa.

Kabla ya kulipa, jaribuni wenyewe. Pimeni kuni kwa mzani, mpike maharagi ya kadiri moja siku mbili, siku moja kwa mafiga, siku ya pili kwa jiko jipya. Tazameni kama sufuria ya bugali inatulia mama anaposonga kwa nguvu, maana jiko linaloyumba litatupwa kesho. Ulizeni kama fundi wa karibu anaweza kulitengeneza likipasuka. Na anayepika ndiye achague. Majiko mengi ya msaada yamegeuka viti vya kuku kwa sababu mama hakuulizwa.

Tena kuna mambo yasiyotaka fedha. Kausheni kuni, mzipasue nyembamba. Lowekeni maharagi usiku. Funikeni sufuria. Na kila nyumba yenye kipande cha mteremko ipande miti michache kando ya shamba, ili watoto wapate kuni bila kwenda mbugani wala kupita njia ya hatari.

Safari ya moto wetu haijaisha, na mafiga yatabaki katika nyumba nyingi kwa miaka mingi bado. Kuyadharau hakuna faida. Tuanze mahali tulipo: leo kuni kavu na mlango wazi, kesho jiko lililojaribiwa na mama mwenyewe.