Bomba la Inchi Moja

Hebu nikupe kazi. Una tangi moja, maeneo sita yanayosubiri maji, na mabomba manane ya kuyaunganisha, kila moja mita 1,000. Dukani kuna saizi 14 za kipenyo, kuanzia inchi 1 hadi 24. Chagua saizi ya kila bomba: gharama iwe ndogo kabisa, lakini presha itoshe kila mahali.

Rahisi, eeh? Michanganyiko iko 1,475,789,056. Ukikagua mmoja kila sekunde bila kulala, utamaliza baada ya miaka 46 na ushee.

Mwaka 1936 Hardy Cross, profesa wa Illinois, Marekani, alionyesha jinsi ya kukokotoa maji yanavyopita kwenye mtandao wa mabomba kwa kalamu na karatasi: unakisia, unasahihisha, unarudia. Lakini hapo mabomba umeshayachagua. Swali la ununue yapi lilihitaji kompyuta. Fumbo nililokupa ni la Alperovits na Shamir, wahandisi wa Israeli, waliolichapisha mwaka 1977. Jibu lao liligharimu 497,525 kwa hesabu ya fumbo lenyewe.

Mwaka 1997, Savic na Walters wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, waliiga uteuzi wa asili: kusanya michanganyiko mingi, iliyo bora ipe nafasi ya "kuzaa" mipya, rudia. Wakashusha gharama hadi 419,000.

Sasa litazame jibu hilo vizuri. Bomba linalotoka tangini ni inchi 18. La nane ni inchi 1.

Mtandao ule una mizunguko miwili, na faida ya mzunguko ni kwamba bomba moja likipasuka, maji yanapita njia nyingine. Hapa bomba la tano likipasuka, maeneo mawili yanabaki kutegemea kile kibomba cha inchi moja. Mzunguko upo kwenye mchoro tu.

Kompyuta haikukosea. Iliambiwa itafute bei ya chini, ikaipata. Hakuna aliyeiuliza kuhusu siku ya kupasuka. Ndiyo maana mwaka 2000 Todini, mtafiti wa Italia, alipendekeza kipimo cha ustahimilivu wa mtandao, ili kipimwe sambamba na gharama.

Kwa hiyo siku bomba moja likipasuka na mtaa mzima ukakosa maji, usiulize tu nani kalipasua. Uliza pia aliyeuchora mtandao aliambiwa atafute nini.