Ubuyu si unga tu

Wapo wanafunzi wa Unguja na Tanga ambao hawaendi kusoma Ulaya bila ubuyu begini, ingawa tangu 2008 Umoja wa Ulaya umeruhusu unga wa tunda la mbuyu uuzwe kama chakula. Mtu wa kamusi atauliza, kuna haja gani ya kubeba? Mbuyu ni mti, buyu ni tunda, ubuyu ni kilichomo ndani. Cha dukani London ni kilekile. Kwa kamusi ni sawa, lakini mitaani neno limekwisha hama. Ukiagiza ubuyu katika soko la Darajani, Unguja, hupewi unga. Unapewa mbegu zilizopikwa kwa sukari, rangi nyekundu na iliki, pengine na pilipili. Mombasa husema mabuyu, kwa wingi, na naona wao wameusikiliza ulimi vizuri zaidi, kwani kinacholiwa ni punje mojamoja.

Atakayesema faraja yote anayoipata mwanafunzi huyo kwa ubuyu wake ni ya sukari, na kwamba pipi yoyote ingefaa, hajala ubuyu kwa makini. Utamu hutangulia, ukali hufuata, kisha hubaki kokwa ya kutema na vidole vyekundu. Ni kitu cha kula taratibu, watu wakizungumza. Pengine ndiyo sababu Tanzania umbea nao huitwa ubuyu. Aliye peke yake bwenini ughaibuni anao ule wa kwanza tu. Huu wa pili lazima apige simu nyumbani.