Kotimiri, nanaa na seleri: namna ya kuyafikisha majani ya viungo sokoni yakiwa mabichi

BUJUMBURA – Mfanyabiashara anayenunua mafungu 100 ya kotimiri mlimani na kuyatupa 30 kabla hayajauzwa analazimika kupandisha bei ya yale 70 yaliyobaki kwa asilimia 43 ili arudishe fedha ya kununulia tu. Hapo hajalipa nauli, ushuru wa soko wala mbebaji. Ndiyo maana wengi huiona biashara ya majani ya viungo kuwa ni bahati nasibu, wakati sehemu kubwa ya hasara hiyo inaweza kuzuiwa bila mashine yoyote.

Makala haya yanahusu kotimiri (majani ya giligilani, ambayo Wakenya huyaita dania), nanaa, mrihani, seleri, persili, vitunguu majani na mchaichai. Majina hubadilika kutoka soko moja hadi jingine, lakini kanuni za kuyatunza ni zile zile, isipokuwa kwa mrihani ambao una tabia yake peke yake. Tutaufikia.

Jani lililokatwa bado linapumua

Jani likishakatwa halifi papo hapo. Linaendelea kupumua, linatumia sukari iliyomo ndani yake na kutoa joto. Kila joto la hewa linapopanda kwa nyuzi 10, kasi ya kupumua huongezeka mara mbili au zaidi, na maisha ya jani hupungua kwa kiwango hicho hicho. Kotimiri inayoweza kukaa wiki mbili au zaidi karibu na nyuzi 0 haifiki siku nyingi katika joto la Bujumbura. Persili iliyohifadhiwa vizuri karibu na nyuzi 0 huweza kufikisha mwezi mzima.

Sasa fikiria gunia lililoshindiliwa. Majani ya katikati yanapumua, joto lao halina pa kutokea, na kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyozidi kupumua. Ukifungua gunia kama hilo na kutia mkono ndani, utahisi uvuguvugu. Mnunuzi akilalamika kwamba mzigo "umeiva", anasema kweli: umejipika wenyewe.

Adui wa pili ni kupoteza maji. Jani jembamba lina uso mkubwa na uzito mdogo, hivyo hunyauka haraka kuliko kabichi au karoti. Linahitaji hewa yenye unyevu mwingi, asilimia 95 kwenda juu. Hata hivyo, unyevu wa hewa na maji yaliyotuama juu ya jani ni vitu viwili tofauti. Maji yaliyotuama pamoja na joto huleta uozo, na hapa ndipo wengi hukosea.

Baridi ya Bugarama ni ya bure

Sehemu kubwa ya mboga zinazoliwa Bujumbura hushuka kutoka milimani, na soko la Bugarama kwenye barabara ya RN1 linajulikana na kila dereva wa njia hiyo. Bugarama iko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, iko karibu mita 800. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo kati ya sehemu hizi mbili, ambazo hazifiki kilomita 40, kuna tofauti ya nyuzi 8 au 9. Usiku wa Bugarama ni wa kuvaa koti.

Maana yake kibiashara ni kwamba mlima wenyewe ni chumba cha baridi ambacho hakuna anayekilipia umeme. Majani yakikatwa jioni jua likishatua, yakatandazwa usiku kucha juu ya kichanja chini ya paa, yasirundikwe, yatakuwa yamepoa hadi ndani ya shina ifikapo alfajiri. Yakipakiwa hapo na gari likashuka kabla ya jua kukolea, mzigo unafika mjini ukiwa bado na baridi ya mlimani. Mzigo huo huo ukikatwa saa tatu asubuhi, ukakaa barabarani kusubiri gari hadi saa tano, unaanza safari tayari una joto la shambani, na unashuka kuelekea joto zaidi. Nauli ni ile ile kwa yote mawili.

Msafirishaji asidhani hili ni jambo la mkulima peke yake. Wakati wa mvua RN1 hupata maporomoko ya udongo na magari husimama kwa saa nyingi. Aliyepanga majani chini ya viazi na karoti hana la kufanya. Aliyeyaweka juu, nyuma, chini ya turubai lililoinuliwa ili upepo upite, bado ana mzigo.

Kreti au kikapu kipana ni bora kuliko gunia. Fungu lisikazwe sana kwa kamba. Shina lililopondwa ndilo huanza kuoza. Toa majani ya manjano kabla ya kufunga. Watu husema hiyo ni kazi ya kupoteza muda, lakini jani moja lililooza hutosha kuliharibu fungu zima kufikia kesho yake.

Usipakie pamoja na ndizi mbivu

Ndizi zinazoiva, parachichi, nyanya na maracuja hutoa hewa iitwayo ethilini. Hewa hiyo haina madhara kwa binadamu, ila kwa majani ni amri ya kuzeeka: persili huwa ya manjano, nanaa hudondosha majani. Kwenye gari lenye turubai lililofungwa, saa chache zinatosha kuanzisha mambo. Ndizi mbichi kabisa hazina shida kubwa. Hatari ni zile zilizoanza kuiva, na parachichi laini. Kama hakuna gari jingine, weka majani upande wa upepo na matunda nyuma yake.

Kuhusu mifuko ya plastiki

Vitabu vya mapishi vya Ulaya karibu vyote vinashauri kuweka majani ndani ya mfuko wa plastiki. Kwa ukanda wetu ushauri huo ni mgumu kuufuata. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo tangu 2008, Kenya mwezi Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Nchini Burundi amri ilitiwa saini Agosti 2018 na kuanza kutumika Februari 2020 baada ya muda wa miezi 18 wa maandalizi. Mzigo ulio halali kabisa unaweza kukwama mpakani kwa sababu ya kitu ulichofungiwa.

Badala yake tumia kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa vizuri, kisha jani bichi la mgomba kwa nje. Jani la mgomba huzuia unyevu kutoka na halikaushi hewa. Ndoo yenye kifuniko pia inafaa, mradi majani yasijazwe hadi juu na kifuniko kisikazwe kabisa, kwani jani lisipopata hewa hutoa harufu ya uchachu. Kitambaa kikauke kidogo kuliko kuchuruzika.

Maji ya kunyunyizia

Tangu soko kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, biashara ya mboga imetawanyika: Ruvumera huko Buyenzi, Bujumbura City Market ambalo wengi huliita kwa Siyoni, Jabe, Kinama na kwingineko. Katika masoko yote utaona wauzaji wakinyunyizia majani maji kila mara ili yaonekane mapya. Kwa saa moja yanang'aa. Kufikia jioni katikati ya fungu ni weusi.

Kuna la zaidi. Kotimiri na nanaa mara nyingi huliwa bila kupikwa, ndani ya kachumbari au juu ya mchuzi ulioepuliwa. Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu tarehe 1 Januari 2023, na maeneo ya Bujumbura yalikuwa miongoni mwa yaliyoguswa. Maji ya mtoni, ya ufukweni mwa ziwa au ya mtaro hayafai kabisa kugusa majani haya. Ni afadhali fungu lililonyauka.

Njia iliyo bora kwa muuza meza ni kulitendea fungu kama shada la maua. Kata ncha za shina, kiasi cha upana wa kidole, simamisha ndani ya chombo chenye maji safi ya kunywa yanayofika vidole vitatu, weka kivulini. Majani yenyewe yasiguse maji. Badilisha maji kila asubuhi. Seleri na persili zilizolegea zikifanyiwa hivi huweza kusimama tena baada ya saa chache.

Mtungi ndani ya mtungi

Mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alipata tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kueneza mtungi wa udongo uliowekwa ndani ya mtungi mkubwa, katikati yao mchanga unaoloweshwa. Maji yakipanda kuwa mvuke hubeba joto, na mtungi wa ndani hupoa. Hapa Burundi ufinyanzi ni kazi ya jadi ya Batwa, kwa hiyo vyombo si vya kuagiza ng'ambo.

Lakini isichukuliwe kama muujiza. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 50 inaweza kushushwa, kwa kiwango cha juu kabisa, hadi nyuzi 22 kwa njia hii. Unyevu ukiwa asilimia 80, kikomo ni nyuzi 27, yaani karibu hakuna faida. Kwa hiyo mtungi unafaa Bujumbura katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, uwekwe penye upepo na kivuli. Mwezi Aprili utakuwa umejinunulia pambo.

Kipindi hicho cha mvua barafu ndiyo msaada. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inaweza, kwa hesabu ya darasani, kushusha joto la kilo 5 za majani kwa nyuzi kama 17. Njiani sehemu kubwa hupotea, hivyo panga barafu zaidi. Igandishe ndani ya chupa, ifunge kwa kitambaa, isiguse majani moja kwa moja. Chumba cha baridi cha umeme ni kizuri kuliko vyote, lakini umeme hukatika, na tangu 2021 uhaba wa mafuta umejirudia kiasi kwamba jenereta si jambo la kutegemea.

Mrihani hautaki barafu

Mrihani ni mmea wa joto. Chini ya nyuzi 12 majani yake hupata madoa meusi, na jokofu la nyumbani huuharibu ndani ya siku moja au mbili. Usipakie karibu na barafu. Usimamishe ndani ya maji, kivulini, penye nyuzi 12 hadi 15 ikiwezekana. Hapo hufikisha wiki na zaidi. Ni mmoja wa mizigo michache ambayo mtu wa bonde la Imbo ana nafuu kuliko wa mlimani.

Mpakani

Kutoka Bujumbura hadi Uvira kupitia Gatumba ni mwendo mfupi, takriban kilomita 25, lakini kinachoua majani ni kusubiri, si mwendo. Na mpaka huu si wa kutabirika: Desemba 2025 mapigano yalipofika Uvira, biashara ya kuvuka ilikatika. Mipaka ya Rwanda ilifungwa na Burundi Januari 2024. Asiyekuwa na mnunuzi wa pili upande wake mwenyewe asivushe majani mengi kwa siku moja.

Kuelekea Tanzania, kupitia Kobero na Kabanga au Mugina na Manyovu, mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani unaweza kutumia cheti cha asili kilichorahisishwa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Cheti cha afya ya mimea bado kinahitajika. Kikaguliwe siku moja kabla, ili asubuhi gari lifike mpakani ofisi zikifunguliwa na si saa saba mchana.

Kilichobaki bila mnunuzi siku ya pili, kikiwa mchaichai au nanaa, kitandazwe kivulini penye upepo kikauke. Harufu hubaki na huuzwa kwa ajili ya chai. Kotimiri na persili hupoteza harufu zikikaushwa. Hizo ziuzwe kwa bei ya chini jioni ile ile, hasa kwa wenye migahawa wanaopika usiku.