Majina Yasiyoandikwa: Wenyeji wa Itombwe na Elimu ya Ndege, 1908-1999

Milima ya Itombwe, inayoinuka magharibi ya Fizi na Baraka, ni miongoni mwa sehemu za Afrika zenye ndege wengi wa aina adimu. Historia ya elimu ya ndege hao husimuliwa kwa kawaida kwa majina ya wageni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba elimu hiyo ilijengwa pia kwa kazi ya kila siku ya wenyeji, na kwamba kuandikwa au kutoandikwa kwa majina yao ni sehemu ya historia yenyewe.

Mwaka 1908 Mwaustria Rudolf Grauer alipata, katika milima iliyo magharibi ya Ziwa Tanganyika, ndege mdogo wa rangi ya kijani. Mwaka uliofuata Walter Rothschild wa Uingereza alimpa jina la kisayansi Pseudocalyptomena graueri. Mwaka 1929 Wamarekani wawili, J. Sterling Rockefeller na Charles Murphy, walikuja kumtafuta tena kwa ajili ya makumbusho ya New York. Safari yao ilileta pia chozi ambaye wataalamu hawakuwa wakimjua. James Chapin akampa jina la Rockefeller mwaka 1932.

Alexandre Prigogine hakuwa mpita njia. Mhandisi huyu mzaliwa wa Urusi alifanya kazi katika machimbo ya Kamituga, na wenyeji walimkusanyia ndege wengi. Kazi hiyo ilikuwa na taratibu zake. Ndege alichunwa kwa uangalifu kabla hajaoza, ngozi ikajazwa pamba, kisha kijikaratasi kikafungwa mguuni kikitaja mahali, tarehe, kimo cha mlima na jinsia. Tarehe ilikuwa na uzito wa pekee, kwani ndiyo iliyosaidia kumtenga mkazi wa mlima na mgeni wa majira, kama vile mbayuwayu anayekimbia baridi ya Ulaya.

Kwa njia hiyo alipatikana, mwezi wa Machi 1951, bundi wa Muusi, kwenye kimo cha mita zipatazo 2,430. Mwaka 1952 Henri Schouteden alimwita Phodilus prigoginei. Prigogine alichapisha matokeo ya kazi yake katika juzuu tatu, mwaka 1971, 1978 na 1984. Jina la kisayansi likamkumbuka mwenye mkusanyiko. Mkono uliomshika ndege haukutajwa ndani yake.

Uasi wa mwaka 1964 uliigeuza nchi ya Fizi na Baraka kuwa ngome ya wapiganaji, na utafiti mlimani ukawa mgumu. Kwa miaka 45 hakuna bundi wa pili wa aina hiyo aliyeshikwa na watafiti. Haifai kudhani kuwa ndege ndiye aliyetoweka. Waliopungua ni wale wenye nafasi ya kumtafuta.

Mwezi wa Mei 1996 bundi mwingine alinaswa katika nyavu nyembamba za watafiti. Safari hii hakuchunwa: alipigwa picha, kisha akaachiliwa. Utaratibu huo ulikuwa umekwisha kuzoeleka Kenya, huko Ngulia katika Tsavo Magharibi, ambako tangu mwaka 1969 ndege wahamao walinaswa usiku wa ukungu, wakavishwa pete na kuachiliwa waendelee na safari. Miezi michache baada ya bundi kuachiliwa, vita vilianza tena Kivu ya Kusini.

Ripoti ya uchunguzi wa Itombwe ilitoka mwaka 1999 katika jarida la Oryx. Jina lililotangulia lilikuwa la Mkongomani, Omari Ilambu, na Wakongomani wengine walitajwa pamoja naye. Kwa kulinganisha na mwaka 1908, badiliko hilo si dogo: mwenyeji amekuwa mwandishi wa elimu aliyoibeba mabegani.

Hata hivyo, sauti ya wakusanyaji wa zamani haikufutika yote. Mgeni hakuweza kujaza kijikaratasi chake bila kuuliza mahali panaitwaje. Muusi ni jina la mahali lililohifadhiwa hadi Ulaya pamoja na ngozi ya bundi, nalo ni neno la wenyeji. Kwa mwanafunzi wa lugha, vijikaratasi vya makumbusho ni hati zinazostahili kusomwa upya.