Katuni Isiyo na Karatasi

Nilitaka kununua picha moja halisi ya katuni nilizotazama utotoni Nakuru, kwenye Greatwall yetu iliyotumia betri ya gari. Sitaki bango la dukani. Nataka ile yenyewe iliyopigwa na kamera.

Kwa Tom and Jerry inawezekana. Tangu hataza ya Earl Hurd ya mwaka 1914, wahusika walichorwa kwenye karatasi angavu ya seluloidi, ikawekwa juu ya mandhari, ikapigwa picha, kisha inayofuata. Sekunde moja ya filamu ni fremu 24! Studio nyingi ziliosha karatasi hizo na kuzitumia tena, ndiyo maana zilizobaki ni ghali.

Lakini niliyoitamani hasa ni Tinga Tinga Tales, kwa sababu ni ya kwetu: ilitengenezwa Nairobi na Homeboyz, ikaanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2010. Hapo nikakwama. Disney waliacha seluloidi mwaka 1990, The Simpsons mwaka 2002, na hii ya kwetu ilizaliwa ndani ya kompyuta. Tembo yule ni faili. Nakala yake ni sawa na asili, kwa hivyo hakuna asili ya kuuza. Na diski zikifa bila beki-apu, tembo naye kwisha.

Basi nikamrudia babu yake. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya ubao. Alifariki mwaka 1972, wanafunzi wake wakaendelea. Nimeagiza ubao mmoja huko, wa chui. Unakuja na basi.