Nani Aliwachoma? Stori ya Watoa Siri wa Shinyanga Ambao Hakuna Anayewajua kwa Majina

Kila jambazi aliyewahi kukamatwa ana jina. Lipo kwenye jalada la polisi, lipo kwenye hukumu, na mengine yanatajwa vijiweni mpaka leo. Lakini yule aliyenong'ona kwamba jamaa amelala nyumba ile, huyo hana jina. Na mara nyingi hataki kuwa nalo.

Usukumani, kuanzia Shinyanga na Kahama mpaka Geita kwenye dhahabu, swali la "nani aliwachoma" limewahi kuamua nani aishi na nani afe. Twende taratibu.

MIAKA YA MOTO

Vita vya Kagera viliisha 1979. Nchi ilitoka imechoka: sabuni hakuna, sukari ya kupanga foleni, na bunduki zikaanza kuonekana mikononi mwa watu wasiostahili kuwa nazo. Kwa Msukuma wakati ule, benki ilikuwa zizini. Ng'ombe ndiye mahari, ndiye ada ya shule, ndiye akiba ya uzeeni. Wezi walijua hilo. Walikuja usiku, wakiwa na silaha, wakaswaga kundi zima. Asubuhi familia iliyolala na mali inaamka maskini.

Utauliza, kwani polisi hawakuwepo? Walikuwepo, ila kituo kilikuwa mbali, gari bovu, mafuta hakuna. Na tatizo kubwa halikuwa gari. Lilikuwa ni mdomo.

Wezi hawakutoka mbinguni. Walikuwa na mwenyeji kijijini: mtu wa kuwaonyesha zizi, mtu wa kuwaficha, mtu wa kununua nyama. Majirani wengi walimjua. Ila ukienda kituoni kumtaja, kesho mwizi huyo yuko nje, na keshapata habari kwamba ni wewe uliyemchomea utambi. Watu waliamini kabisa kwamba baadhi ya askari walikuwa wanakula sahani moja na wezi. Kama ni kweli kwa kila kituo au la, matokeo yalikuwa yale yale: watu walifunga midomo.

HUKO AUSTRALIA YALITOKEA PIA

Hili si la Usukumani peke yake. Karibu miaka 100 kabla, kwenye koloni la Victoria huko Australia, kulikuwa na genge la Ned Kelly. Lilianza kusakwa kwa udi na uvumba baada ya kuua polisi watatu Oktoba 1878. Dau la kuwakamata lilifika pauni 8,000, pesa ya kutisha wakati ule, lakini bado walikatiza mitaa kwa sababu wakulima maskini waliwaficha.

Polisi wakampata jamaa mmoja anaitwa Aaron Sherritt, rafiki wa utotoni wa Joe Byrne, mmoja wa genge. Wakawa wanamlipa. Juni 26, 1880, Byrne akaja mpaka nyumbani kwake, mlango ukafunguliwa, akampiga risasi pale pale. Ndani kulikuwa na polisi wanne waliowekwa wamlinde. Walijificha chumbani. Noma zaidi, mpaka leo watu wanabishana kama Sherritt alikuwa anawauza wenzake kweli, au alikuwa anawazuga polisi huku akila pesa zao. Kelly alinyongwa Novemba mwaka huo huo. Sherritt alikuwa ameshazikwa.

Somo liko wazi: mtoa siri akiwa mmoja, ni rahisi kummaliza.

SUNGUSUNGU WANAINGIA

Wanakijiji wa Kahama na Shinyanga hawakuhitaji kusoma habari za Australia. Walilijua hilo kwa uchungu wao wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaanzisha kitu chao: Sungusungu. Jina la wale sisimizi weusi wanaong'ata kwa kundi. Mmoja unamkanyaga, wakija wote unavua suruali. Wengine wakajiita Wasalama, watu wa amani.

Silaha zao zilikuwa upinde na mishale. Uongozi wakauchota kwenye mila: kuna mtemi, kuna katibu, kuna makamanda. Wizi ukitokea, unapigwa mwano, yaani yowe la hatari, na filimbi. Kila mwanaume mwenye nguvu anatoka. Nyayo za ng'ombe zinafuatwa, na zikiingia kijiji kingine, kijiji hicho kinapokea msako. Mwizi anakimbia watu wapya kila baada ya kilomita kadhaa, wakati yeye ni yule yule aliyechoka.

Lakini mishale haikuwa silaha yao kubwa. Kubwa ilikuwa hii: kutoa habari kukawa wajibu wa kila mtu. Ukikaa kimya wakati unajua, wewe ndiye mwenye kesi. Unapigwa faini, na ukikaidi unatengwa: hakuna wa kukusalimia, hakuna wa kukuazima moto, ukifiwa unazika mwenyewe. Kwa Msukuma, hiyo ni zaidi ya jela.

Sasa mwizi atamlipizia nani kisasi? Kijiji kizima? Lile swali la "nani aliwachoma" likakosa jibu, kwa sababu jibu lilikuwa "sote". Mtu mmoja mwoga akageuka umati.

Serikali ilijikuna kichwa. Viongozi kadhaa wa Sungusungu waliwekwa ndani kwa sababu watuhumiwa wengine walikufa mikononi mwao. Lakini chama na Mwalimu Nyerere mwenyewe wakaonekana kuwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa ili kuwapa nguvu ya kukamata watu kihalali.

SASA UPANDE WA PILI

Hapa ndipo stori inapochacha. Kama kutaja jina hakuna gharama, nini kinamzuia mtu kutaja jina la mtu asiye na hatia?

Kanda hiyo ilikuwa imeshaonja hilo. Katikati ya miaka ya 1970, mauaji ya vikongwe yalipozidi, vyombo vya dola viliendesha msako mkubwa Mwanza na Shinyanga. Watu walikamatwa kwa kutajwa tajwa, wakateswa, na wengine wakafia mahabusu. Januari 1977 waziri wa mambo ya ndani akajiuzulu kuwajibika. Jina lake Ali Hassan Mwinyi, yule yule aliyekuja kuwa rais 1985.

Sungusungu nao wakateleza humo humo. Baadhi ya makundi yalitoka kwenye wezi wa ng'ombe yakahamia kwa "wachawi". Bibi mwenye macho mekundu, mekundu kwa sababu amepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka 50, ananong'onewa na jirani anayelitaka shamba lake. Mganga anathibitisha. Basi. Aliyenong'ona hana jina, na hatakuwa nalo milele.

KARATASI ISIYO NA JINA

Songa mbele mpaka 2009. Watu wenye ualbino walikuwa wanawindwa Kanda ya Ziwa kwa imani kwamba viungo vyao vinaleta utajiri, iwe kwenye machimbo ya dhahabu au ziwani. Serikali ya Rais Kikwete ikaendesha kura ya siri: andika jina la unayemshuku, usiandike la kwako, tumbukiza sandukuni. Wengine walisifu, wengine wakauliza: je, adui yangu akiniandika mimi?

Septemba mwaka huo, Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino kutoka Bukombe, wilaya ambayo leo iko Mkoa wa Geita. Na pale mahakamani karatasi isiyo na jina haitoshi. Lazima shahidi asimame, aulizwe maswali, watu wamwone sura. Ndiyo maana mwaka 2015 ikatungwa Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi.

Giza lile lile lililomlinda mwanakijiji aliyemtaja mwizi wa ng'ombe ndilo lililomlinda aliyemsingizia bibi wa watu. Ukiliondoa lote, wasema kweli wananyamaza. Ukiliacha lote, waongo wanaua. Kati ya hapo Shinyanga na Geita zimekuwa zikitafuta njia kwa zaidi ya miaka 40.

Wewe je? Ukimjua mhalifu mtaani kwako leo, ungemtaja kama ingebidi useme na jina lako?